Kohoa Kwanza

Mume wangu alikuwa mwokaji mikate tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na unga aliouvuta puani miaka hiyo yote haukutoka. Daktari alituwekea picha ya kifua chake penye taa, akasema ugonjwa huu hauambukizi, wala haummalizi mtu kesho wala keshokutwa, ila hautaki vumbi. "Mtafutieni mahali penye miti na hewa safi," alisema. Kabla hatujafika mlangoni akaongeza, "Lakini msiende mbali na hospitali."

Pale tulipokuwa tunakaa, jirani yetu mpya alikuwa seremala mwenye mashine ya kupasua mbao. Kijana mwenyewe hana ubaya. Alipojua mzee anaumwa alitundika turubai kati ya ua wake na wetu, na jioni akawa anamwaga maji chini ili vumbi lilale. Lakini mashine ni mashine. Mimi nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, na mashuka niliyoanika meupe asubuhi nilikuwa nayaanua yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa rangi hiyo hakuna anayekulipa.

Basi tukaamua kuhama. Binti yetu, anayekaa nasi, akaenda siku ileile kumwambia mwenye nyumba kwamba tunaondoka mwisho wa mwezi ujao. Ndivyo alivyo, akishaamua jambo hangoji lipoe. Mwenye nyumba naye hakuchelewa kupata mpangaji mwingine. Tukajikuta hatuna nyuma wala mbele.

Kila mmoja wetu alikuwa na lake. Mzee alihitaji miti. Binti yetu anauza dawa dukani katikati ya mji na zamu yake huanza alfajiri, kwa hiyo alihitaji barabara ya mabasi. Mimi nilihitaji maji ya bomba na mahali pa kufunga kamba za kuanikia. Na sote tulihitaji kodi tunayoiweza. Ukiyataja hivyo yanaonekana mambo madogo tu. Nenda sasa ukayatafute yote chini ya paa moja.

Tulipata dalali, kijana mrefu, mwembamba, ambaye viatu vyake vinang'aa hata kwenye matope. Tangu Jumapili ya kwanza tu mzee alimpa jina la utani, naye akalipokea bila kinyongo.

"Hospitali iko wapi kutoka hapa?" binti yangu alimwuliza tulipofika nyumba ya kwanza.

"Hapahapa, dada."

"Na soko?"

"Hapahapa tu, ukikata hiyo kona."

"Na ile miti uliyotuambia?"

"Si ndiyo hapahapa."

Mzee akachungulia dirishani. Ulionekana ukuta wa jirani na kandambili moja juu yake. "Mwanangu," akasema, "huko kwenu neno 'kule' halipo?"

Tangu siku hiyo tukamwita Hapahapa.

Tulikuwa tunatoka Jumapili kwa sababu ndiyo siku binti yetu anayopumzika. Tuliona nyumba iliyosemekana iko kando ya mto, na mto wenyewe ulikuwa mfereji wa maji machafu. Hapahapa akasema mvua zikinyesha unapendeza sana. "Zikinyesha unapita wapi?" mzee akauliza. "Sebuleni?" Tuliona nyingine yenye miti ya kweli, mikubwa, ndege wanaimba, lakini kituo cha basi kilikuwa mbali kiasi kwamba ili awahi kazini binti yetu angetakiwa kuondoka kabla hajalala. Nyingine ilikuwa na kila kitu, na tulipotajiwa kodi tukatazamana kama watu waliokosea mlango. Mwenye nyumba ile aliona nyuso zetu, akatuletea maji ya kunywa na viti, akasema tupumzike kwanza ndipo twende. Hakuwa na haja ya kufanya hivyo.

Lakini lililotuuma zaidi halikuwa kodi. Kulikuwa na mama mmoja mwenye vyumba karibu na shule. Tulikuwa tumeshaelewana naye, anatuonyesha jiko, anatueleza mlango upi unakwama. Mzee akaanza kukohoa. Kikohozi chake kikishaanza hakina adabu, kinakuja na wenzake. Yule mama akarudi nyuma, akavuta kitambaa chake mpaka puani.

"Huyu mzee ana nini?"

"Kifua," nikamjibu. "Alikuwa mwokaji mikate, ni vumbi la unga. Haliambukizi."

"Mwokaji," akasema, utadhani nimemwambia mwizi. "Hapa kuna watoto wengi, mama yangu. Halafu nimekumbuka, kuna ndugu yangu anakuja mwezi ujao, na vyumba hivi nilishamwahidi."

Jumapili iliyofuata mzee alikohoa mlangoni kwa mtu mwingine, na huyo naye akakumbuka kwamba ana ndugu anakuja. Na wa tatu vilevile.

"Mwezi ujao mji huu utafurika ndugu," mzee akasema tulipokuwa tunangoja basi.

Binti yetu hakucheka. "Baba, twende na cheti cha daktari. Tunawaonyesha mapema, mambo yanaisha."

"Mimi ni mbuzi? Nipelekwe mnadani na cheti cha mifugo?"

"Basi jizuie. Ni muda mfupi tu, mpaka tutoke."

Alisema hivyo kwa uchovu, nia mbaya hakuwa nayo. Alikuwa amesimama dukani wiki nzima na siku yake ya kupumzika alikuwa ameimalizia kwenye ngazi za watu. Mimi nami nilinyamaza. Miguu ilikuwa imevimba na nilitaka mambo yaishe. Mzee akaitazama mikono yake.

"Nitajizuia," akasema.

Akawa fundi wa kujizuia. Kabla ya hodi anakunywa maji ya chupa taratibu, anaweka kipande cha tangawizi shavuni, anavuta pumzi ndogondogo kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Akizidiwa anasema anakwenda kukagua mifereji ya paa, anatoka nje. Wenye nyumba walimpenda. "Mzee wako anajua mambo ya nyumba," mmoja aliniambia. Nikamjibu kwamba ndivyo alivyo.

Nyumba zenyewe ziliendelea kutushinda kwa sababu nyingine. Mwezi ukaanza kuisha. Binti yetu akawa anakusanya makatoni kutoka dukani kwake, anayapanga ukumbini, na kila nikipita usiku kwenda kuzima taa najikwaa. Nilikuwa nakasirika na makatoni yale kana kwamba ndiyo yaliyotufikisha pale.

Ndipo Hapahapa akatupeleka mwisho wa mtaa mmoja, lami inapokoma na msitu wa manispaa unapoanza. Safari hii hakuwa ametia chumvi. Basi linageuzia palepale. Msituni kuna njia ya kutembea yenye mabenchi, na miti mirefu inafunika paa la nyumba kama mtu aliyemwinamia mtoto. Bomba liko uani. Kodi ilikuwa ya kiasi chetu. Vyumba vilikuwa vitatu, vimepakwa rangi nyeupe mpya, na mwenye nyumba alikuwa baba mpole aliyetuita "wageni wangu" tangu langoni.

Mzee alikaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, kofia yake ya sufu mkononi. Mimi nikapita vyumbani nikiviweka vitu vyetu kwa macho: kitanda hapa, kabati pale, meza ya pasi karibu na dirisha. Tulikaa mle muda mrefu. Mwenye nyumba alitueleza habari za bomba, za taka, za mtu anayelinda mtaa. Na katika muda wote huo sikusikia kitu kutoka sebuleni.

Nikamvuta binti yangu pembeni. "Umemsikia baba yako?"

"Sijamsikia."

"Ndiyo hivyo. Hajakohoa hata kidogo."

Akageuka upande wa dirisha ili nisimwone macho. "Ni hewa, mama," akasema. "Ni hewa ya hapa."

Niliamini. Niliwaza kwamba daktari alisema kweli, na kwamba mateso yetu yote ya Jumapili yalikuwa yanatuleta hapa. Mzee akasema anakwenda kuangalia mifereji. Mwenye nyumba akaingia chumbani kwake kuchukua karatasi za mkataba. Nikatandaza viganja dirishani, nikaanza kupima upana wa pazia.

Mwanamke mmoja akapiga hodi mlangoni, jirani wa upande wa pili, kikombe mkononi.

"Samahani, mama. Yule baba aliye nyuma ya tangi la maji ni wa kwenu? Nimemletea maji ya moto lakini hawezi kushika kikombe."

Nilikuwa sijakimbia miaka mingi. Siku hiyo nilikimbia.

Mzee alikuwa amepiga magoti kati ya tangi na ukuta. Alikuwa ameishindilia kofia yake mdomoni, ameing'ata, ili tusimsikie. Mwili mzima unaruka na sauti haitoki. Hapahapa alikuwa amefika kabla yangu, amepiga magoti kwenye tope na viatu vyake vile, amemkumbatia kwa nyuma, anambembeleza, "Itoe kofia, mzee. Itoe, baba yangu, hakuna anayekusikia." Binti yetu akafika na ile dawa ya kifua ya kupuliza mdomoni. Aliichomoa kofia kwa nguvu. Kikohozi kilichotoka kilikuwa cha mchana kutwa.

Tulikaa pale chini mpaka rangi ilipomrudia usoni. Yule jirani alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kikombe bado mkononi, akikipuliza ili kipoe kadiri.

"Nyumba ina unyevu," mzee akasema alipoweza. "Niliusikia tangu mlangoni. Rangi iko juu, ukungu uko chini yake. Mkate ukiota ukungu hata ukiukata juu, harufu inabaki."

Nikamtazama jirani. Akainamisha kichwa. "Miti inaziba jua upande huu," akasema kwa sauti ndogo. "Kila mpangaji akitoka wanapaka rangi upya. Mimi kwangu jua linaingia, lakini ni chumba kimoja."

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza mume wangu. "Umekaa mle saa nzima kwa nini?"

"Ulikuwa unapima pazia," akasema.

Mtu pekee aliyeweza kutuambia hewa ikoje, ndiye tuliyemwambia anyamaze. Na alinyamaza vizuri mno, kwa sababu aliona nimefurahi.

Kwenye basi binti yetu alilia kwa hasira. "Baba, ungekufa kule nyuma. Ungekufa, mimi niko ndani nazungumza habari za taka. Halafu ningeishije?"

"Wewe ndiye uliyesema nijizuie."

"Nilisema ujizuie, sikusema ujizibe kama chupa."

"Hamjui mnachotaka," akanung'unika. "Nikikohoa mnafukuzwa, nisipokohoa mnalia."

Abiria wa mbele akageuka kututazama, akageuka tena mbele. Nilikuwa na hasira na daktari, ambaye ni rahisi kwake kusema miti na hospitali kwa pumzi moja. Na wale wenye ndugu wa mwezi ujao. Na mashine ya seremala, na makatoni. Hata pazia lenyewe nililichukia, na lilikuwa halijashonwa.

"Sikilizeni," nikasema. "Kuanzia sasa, tukifika kwa mtu, unakohoa kwanza. Kabla ya hodi."

"Watatufukuza, bibi wewe."

"Watufukuze tukiwa bado nje. Miguu yangu imechoka kufukuzwa ikiwa jikoni. Na ukishaingia ndani, kohoa utakavyo. Nyumba isiyoweza kusikia kikohozi chako mimi sihamii."

Binti yetu akapangusa uso. Mzee akatazama nje njia nzima, lakini kofia akaiweka kichwani, mahali pake.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ilifika. Nyumba ya kwanza mzee alikohoa langoni, na sauti ikatoka ndani kwamba vyumba vimeshachukuliwa. Ya pili mlango ulifunguliwa kidogo, ukafungwa. Hapahapa alivua kofia yake, akajikuna kichwa.

"Mzee, unaniharibia soko."

"Soko si liko hapahapa? Litengeneze."

Kijana akacheka. Nikaona anapima jambo. "Ipo moja," akasema. "Sikuwaonyesha kwa sababu si nzuri. Ina ngazi. Vyumba ni viwili. Hospitali iko mbali kidogo, mama, mnapanda basi moja. Sitaki kukudanganya."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno "mbali" kinywani mwake, na kwa ajili hiyo nikakubali kwenda.

Ni nyumba ya ghorofa moja, chini kuna chumba cha fundi cherehani, ambaye ndiye mwenye nyumba. Mbele yake kuna barabara ya mabasi. Nyuma yake kuna makaburi ya zamani ya mji, yamejaa miti mikubwa iliyopandwa na watu ambao sasa wamelala chini yake. Hakuna anayezika pale tena na hakuna anayeruhusiwa kujenga. Ndiyo maana kodi ni ndogo. Watu hawapendi kufungua dirisha asubuhi na kukutana na makaburi.

Mzee akasimama mlangoni, akakohoa. Hakuwa anaigiza. Kutembea kulikuwa kumemchosha na kikaja chenyewe, na wenzake wote. Fundi cherehani, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, aliondoa mguu kwenye cherehani, akangoja. Hakurudi nyuma wala hakuuliza ana nini.

"Pole, baba. Umemaliza au bado?"

"Bado kidogo."

"Maliza basi. Ngazi ni nyembamba, usije ukakohoa katikati ukatuangukia."

Mzee akamaliza, akajipangusa, tukapanda. Nikamweleza habari za mikate na unga. Akaniambia mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kupaka rangi, na kifua chake kilikuwa kinaimba usiku kucha. Kwa sauti hiyo yeye alikuwa akipata usingizi.

Sasa, nyumba yenyewe. Sitaipamba. Bomba liko chini, maji yanapandishwa kwa ndoo. Jiko linatosha mtu mmoja na sufuria yake. Binti yetu ingebidi alale sebuleni, naye alipoliona hilo uso ulibadilika, akaanza kumwuliza fundi cherehani maswali makali: bomba haliwezi kupandishwa juu? Mlango wa sebule hauna kitasa? Nami nikaingilia, kwamba kamba zangu nitazifunga wapi, nitaanika mashuka ya watu makaburini? Fundi cherehani akasema kuna paa la zege juu. Nikasema paa bila ukingo ni la kuanguka. Akasema ukingo upo. Tulikuwa tumepandisha sauti sote watatu.

Katikati ya maneno nikagundua kwamba upande wa dirishani kumetulia.

Niligeuka nikiwa na hakika nitaiona kofia mdomoni. Mzee alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha dirisha, amelifungua lote. Upepo unapita kutoka kwenye miti, unavuka chumba, unatokea upande wa barabara. Kofia ilikuwa juu ya goti lake.

"Unajizuia," nikamwambia.

"Sijizuii."

"Usinidanganye."

"Njoo usikilize mwenyewe."

Nikaweka sikio mgongoni kwake mbele ya watu wote, kama nilivyokuwa nafanya na wanangu walipokuwa wadogo. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi yake ileile. Lakini ilikuwa ya taratibu, inapanda na kushuka bila kukwama. Nikaendelea kusikiliza. Akakohoa, mara moja, wazi, akanyamaza.

"Na majirani ni wazuri," akasema akionyesha kwa kidevu kule chini. "Hawatalalamika nikikohoa usiku."

"Baba, jamani," binti yetu akasema, na ingawa alikuwa bado amekunja uso, akacheka.

Hapahapa alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwuliza, "Wewe unaonaje, mwanangu?"

"Ngazi zitawachosha, mama," akasema. "Lakini mzee anapumua."

Tulihamia kabla mwezi haujaisha. Hapahapa alikuja kubeba makatoni bila kuitwa, safari hii amevaa kandambili. Siwezi kusema nimeridhika. Maji tunapandisha kwa ndoo na mgongo unaniuma. Binti yetu analala sebuleni, analalamika, na ana haki ya kulalamika. Siku ya kliniki basi moja huwa mawili. Hata mapazia sijaweka upande wa miti, kwa sababu mzee hataki kitu kinachozuia upepo, na mimi nimeacha kubishana.

Kila jioni anateremka kutembea kwenye ile miti, halafu anarudi akizipanda ngazi polepole, anasimama katikati, anakohoa. Chini cherehani inanyamaza. Fundi anangoja, mguu juu ya kanyagio, anasikiliza. Mzee akifika juu na mlango wetu ukilia, ndipo cherehani inaendelea.